Shule Zifungwapo, Nani Abaki na Watoto wa Askari?

Kila mwalimu mkuu apigapo kengele ya mwisho wa muhula, watoto hushangilia. Hutoka mbio na mabegi yao, wengine viatu mkononi, na njia zote ziendazo makambini hujaa kelele za furaha. Lakini jioni hiyo hiyo, katika nyumba nyingi za askari wa jeshi na wa polisi, baba na mama huketi wakatazamana. Swali lililo baina yao ni moja, nalo ni fupi: kesho asubuhi, sote wawili tutakapokuwa kazini, nani atabaki na watoto?

Swali hili si la nyumba moja wala la kikosi kimoja. Lipo Bombo na Mbuya, lipo katika kota za polisi za Nsambya, lipo katika kila kituo ambacho askari ameoa au ameolewa na mwenzake naye ana kazi. Hata hivyo ni swali ambalo askari huona haya kulitaja mbele ya mkubwa wake, kwa kuwa hudhani ni jambo la jikoni, si jambo la gwaride. Sisi twasema ni jambo la gwaride. Askari aliyesimama zamu hali moyo wake uko nyumbani kwa mtoto aliyefungiwa mlango, huyo ni nusu ya askari. Na nusu ya askari hailindi lango zima.

Hesabu ya siku

Tuanze na hesabu, maana askari hufundishwa kupima umbali kabla hajaanza safari. Mwaka wa shule nchini Uganda una mihula 3. Muhula wa kwanza huanza Februari na kwisha mwanzoni mwa Mei. Wa pili huanza mwishoni mwa Mei na kwisha Agosti. Wa tatu huanza Septemba na kwisha mwanzoni mwa Desemba. Likizo ya Mei huwa ya wiki 3 hivi, ya Agosti na Septemba wiki 3 hivi, na ile kubwa ya Desemba na Januari wiki 8 hivi. Jumla ni wiki 14. Tukiondoa Jumamosi na Jumapili, zabaki siku 70 ambazo shule zimefungwa na kazi ziko wazi.

Sasa tuitazame likizo ya mzazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 humpa mfanyakazi siku 7 za mapumziko yenye malipo kwa kila miezi 4 aliyotumikia mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Sheria hiyo haiwahusu wanajeshi wa UPDF, ila raia walioajiriwa na jeshi. Ruhusa ya mwanajeshi hutolewa kwa amri, kwa kadiri hali ya kazi inavyoruhusu. Basi tuchukue nyumba ambayo baba ni mwanajeshi na mama ni karani wa kampuni mjini. Mama huyo akizitumia siku zake zote 21 kwa ajili ya watoto, asijibakizie hata moja ya kujipumzikia, bado zabaki siku 49 zisizo na mlezi.

Na baba je? Huenda yuko Somalia, ambako wanajeshi wetu walianza kutumwa mwezi Machi 2007. Huenda yuko mpakani. Akiwa ni polisi, likizo kubwa ya watoto huangukia Krismasi na Mwaka Mpya, majira ambayo polisi hapumziki bali huwalinda wanaopumzika. Tena upo mwaka ambao likizo hiyo hukutana na uchaguzi mkuu, kama ule wa tarehe 14 Januari 2021, na hapo hakuna askari anayeomba ruhusa akaipata. Kwa hiyo siku 49 hizo humwangukia mama peke yake. Na ikiwa mama naye ni askari, humwangukia Mwenyezi Mungu.

Lililotupata sisi wenyewe

Tungeweza kuyaandika haya kwa midomo ya watu wengine, lakini isingekuwa haki, kwa maana jambo hili limetufika sisi wenyewe.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Sisi tulikuwa ofisini, na mwenzetu wa nyumbani, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu ya mchana. Dada aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumba alikuwa amekwenda kwao kumzika bibi yake. Tuliwaacha watoto wawili, mmoja wa miaka 9 na mwingine wa miaka 6, pamoja na chai ndani ya chupa, mkate, na maagizo marefu. Yule mkubwa tulimwambia, "Leo wewe ndiwe kamanda wa nyumba." Alicheka, nasi tukacheka, tukaenda zetu.

Saa 8 mchana tuliitwa langoni. Askari wa zamu, kijana ambaye mpaka siku ile hatukumjua hata jina, alikuwa amesimama wima, na kando yake watoto wetu wawili walikuwa wameketi juu ya jiwe, wamejaa vumbi. Mkononi alishika mfuko wa plastiki. Ndani yake mlikuwa na maganda ya risasi ambayo watoto waliyaokota nyuma ya uwanja wa shabaha, wakitumaini kumwuzia mnunuzi wa vyuma chakavu wapate fedha ya mandazi. Tuliyahesabu: maganda 23. Na katikati ya maganda hayo mlikuwa na risasi moja nzima.

"Afande," yule kijana alisema kwa sauti ya chini, "hii moja, huyu mdogo alikuwa akiigonga kwa jiwe."

Hatukuwa na neno. Sisi ambao huandika matangazo ya kuwaonya wananchi wasiguse vyuma wasivyovijua, mtoto wetu alikuwa amekaa juu ya nyasi akiigonga risasi. Tulimshukuru yule kijana, tukamwuliza amewaonaje. Akajibu, "Watoto wa kambi huenda kule kila likizo, afande. Hata wangu. Tumezoea kuwafukuza."

Mwenzetu aliporudi usiku alisikiliza yote hadi mwisho, wala hakutulaumu. Alisema tu kwamba wodini kwao hawahitaji kuambiwa shule zimefungwa lini. Hujua kwa watoto wanaoletwa. Aliyeungua kwa jiko la makaa akimpikia mdogo wake. Aliyekunywa mafuta ya taa akidhani ni maji. Aliyeanguka kutoka mwembeni na hakuna mtu mzima aliyejua mpaka jioni. Kisha akauliza, "Na kesho je?" Kwa maana kesho yake ilikuwa Jumanne, na sote wawili tulikuwa na kazi.

Neno lile la kijana, "tumezoea," ndilo lililotutuma kuandika. Mambo mengi yanayowaua watu ni yale waliyoyazoea.

Njia tunazozitumia sasa

Tulipoanza kuwauliza wenzetu, tuliona kwamba askari hutumia njia tano. Kila moja ina wema wake na ina hatari yake.

Njia ya kwanza ni kuwapeleka watoto kijijini kwa bibi na babu. Hii ni njia njema ya wazee wetu. Mtoto huijua lugha ya kwao, hulijua kaburi la babu yake, hujifunza kushika jembe. Lakini nauli hupanda kila Desemba, na mwenye watoto wanne hujikuta amelipa mshahara mzima barabarani. Isitoshe, bibi wa leo huenda ana miaka 75 na magoti mabovu. Ukimletea wajukuu sita kutoka kwa wanawe watatu bila unga wala sabuni, hujamletea furaha, umemletea kazi. Anayechagua njia hii na awatume watoto pamoja na chakula chao, tena awatume wiki 2 au 3, wala si 8.

Njia ya pili ni kumwajiri msaidizi wa nyumbani. Hapa twaonya kwa nguvu. Wazazi wengine, kwa kutafuta urahisi wa bei, humtoa kijijini msichana wa miaka 12 au 13 aje awalee watoto. Huyo si mlezi, ni mtoto mwingine. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imeweka miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Askari aliyeapa kuitetea sheria asiivunje jikoni kwake.

Njia ya tatu ni jirani. "Mama fulani, niangalizie watoto mpaka jioni." Siku moja ni ujirani, siku kumi ni mzigo, na mzigo usiosemwa huzaa chuki. Tumesikia majirani wawili waliokuwa kama ndugu wakaacha kusalimiana kwa sababu ya likizo moja.

Njia ya nne ni masomo ya ziada. Wizara ya Elimu imekataza mara nyingi shule kufundisha wakati wa likizo, lakini wazazi huyatafuta masomo hayo hata kwa kificho. Ukiwauliza kwa nini, wengi hawataji hesabu wala Kiingereza. Husema, "Angalau huko yupo mtu mzima." Yaani wazazi hulipa ada ya masomo ili kununua ulinzi. Mtoto aliyesoma miezi mitatu ananyimwa mapumziko yake kwa sababu tu sisi tumekosa mahali pa kumweka.

Njia ya tano ni kufuli. Mtoto hufungiwa ndani asubuhi, hufunguliwa jioni. Kila aliyewahi kuishi katika vile vibanda vya mabati vya mviringo, viitwavyo unipoti, ajua joto la saa 7 mchana lilivyo. Weka humo watoto watatu, jiko la makaa na kiberiti, kisha ufunge mlango kwa nje. Hatuna haja ya kueleza zaidi.

Funzo la mwaka 2020

Asiyesadiki kwamba mtoto asiye na mahali ni mtoto aliye hatarini, akumbuke ugonjwa wa korona. Shule za Uganda zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, na watoto wa madarasa yote hawakurudi mpaka tarehe 10 Januari 2022. Ingawa baadhi ya madarasa yaliitwa kwa vipindi katikati, kwa watoto wengi ilikuwa likizo ya karibu miaka 2, na dunia haikuona shule zilizofungwa kwa muda mrefu zaidi ya hapo.

Katika muda huo wasichana wengi walipata mimba, wavulana wengi wakaingia katika uchimbaji, uvuvi na vibarua vya mjini, na wako ambao hawakurudi darasani hata leo. Askari walikuwa barabarani usiku na mchana wakisimamia amri za kutotoka nje. Tulizilinda barabara, na baadhi yetu tuliporudi tulikuta nyumba hazikulindwa. Likizo ya kawaida ni fupi kuliko ile, lakini mtoto haharibiki kwa urefu wa kalenda. Alasiri moja yatosha.

Wenzetu wamefanyaje

Si jambo jipya duniani. Jirani zetu wa Tanzania walikuwa na vituo vya kulelea watoto mchana tangu miaka ya ujamaa, na mwaka 1981 walivitungia sheria yake.

Lakini mfano unaotuhusu zaidi sisi tuvaao sare watoka Marekani. Huko nako, katika miaka ya 1980, vituo vya malezi ndani ya kambi za jeshi vilikuwa na sifa mbaya. Majengo yalikuwa mabovu, walezi walilipwa kidogo wakaacha kazi kila mara, na zikazuka kesi za watoto waliodhulumiwa na watu waliowekwa kuwatunza. Wanajeshi walilalamika, na mwaka 1989 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya malezi ya watoto wa wanajeshi. Sheria hiyo iliagiza mambo makubwa manne. Ada ipangwe kwa kufuata kipato cha nyumba, ili mwenye cheo cha chini alipe kidogo. Serikali nayo itoe fedha zisizopungua zile wanazotoa wazazi. Walezi wafundishwe, na ujira wao ufuate mafunzo yao. Na kila kituo kikaguliwe angalau mara 4 kwa mwaka bila kupewa taarifa. Katika kambi hizo watoto wa shule nao huwekewa mipango ya kutunzwa wakati wa likizo.

Hatusemi kwamba tuna mali ya Marekani. Twasema kwamba kati ya mambo hayo manne, matatu hayahitaji mali nyingi. Kupanga ada kwa cheo ni kalamu na karatasi. Kukagua bila taarifa askari anakujua tangu siku ya kwanza ya mafunzo. Na kumfundisha mlezi huduma ya kwanza ni kazi ya siku chache kwa tabibu wa kikosi.

Kituo cha likizo kambini

Makambi kadhaa ya jeshi na ya polisi yana shule zake za msingi. Likizo inapoanza madarasa hayo hubaki matupu, huku watoto wakizurura hatua mia moja kutoka mlangoni. Pasipo na shule, lipo bwalo, ambalo baina ya chai na chakula cha jioni halina mtu.

Walezi pia wapo. Wapo wake na wajane wa askari wanaotafuta kibarua cha heshima. Wapo vijana wa kambini waliomaliza kidato cha sita, ambao tangu Desemba hukaa wakingoja matokeo. Waliotimiza miaka 18 waweza kusimama pamoja na mama mzima na kujifunza kazi.

Tufanye hesabu ya mfano, na kila kambi ibadilishe kwa bei za soko lake. Tuseme watoto ni 40 na walezi ni 4, kila mlezi akilipwa shilingi 10,000 kwa siku. Hizo ni shilingi 40,000. Chakula, yaani uji wa asubuhi na ugali na maharage mchana, tukitengee shilingi 40,000 nyingine. Kuni, sabuni na dawa za huduma ya kwanza, shilingi 20,000. Jumla ni shilingi 100,000 kwa siku. Sasa tufuate kanuni ya ada kwa cheo: watoto 30 wa askari wa vyeo vya chini walipiwe shilingi 2,000 kila mmoja, hizo ni 60,000, na watoto 10 wa maofisa walipiwe shilingi 4,000 kila mmoja, hizo ni 40,000. Hesabu imefunga.

Kwa askari wa cheo cha chini, siku zote 70 za mwaka zitamgharimu shilingi 140,000 kwa mtoto mmoja. Akiweka akiba shilingi 12,000 kila mwezi katika chama chake, awe mwanajeshi katika Wazalendo au polisi katika Exodus, mwisho wa mwaka atakuwa na 144,000, naye hatakopa Desemba. Kikosi kikitoa kuni na maji bure, ada itashuka zaidi.

Lakini bei nafuu isinunuliwe kwa usalama wa mtoto. Yapo masharti ambayo hayapunguzwi. Kila mtoto aandikwe jina anapoingia na anapotoka, pamoja na saa. Mtoto asikabidhiwe kwa mtu ambaye mzazi hakumwandika. Mtu mzima mmoja asiachwe peke yake na mtoto mahali pa siri, hata akiwa ni mtu wa ibada, hata akiwa na cheo kikubwa. Walezi wawe si chini ya wawili wakati wote. Choo kiwe safi, maji yachemshwe, na njia ya kwenda uwanja wa shabaha, ghala la silaha na karakana ya magari ipigwe marufuku. Na mzazi akiona alama ya kudhulumiwa, asinyamaze kwa kuogopa cheo cha mtu: simu ya 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bure.

Na watoto wafanye nini humo siku nzima? Wasirudishwe darasani kwa mlango wa nyuma. Wacheze mpira, waimbe, washone vifungo vyao wenyewe, wapande mchicha wauone ukiota. Wasimuliwe hadithi kwa Kiswahili, ambacho watoto wa kambi, Waacholi kwa Wanyankole, Walugbara kwa Wabaganda, hukizungumza uwanjani pasipo mwalimu.

Pasipo na fedha

Yuko atakayesema, "Hata shilingi 2,000 hizo sina." Huyo tumwelezee njia ambayo sisi tumeijaribu, kwa maana baada ya siku ile ya langoni hatukungoja kituo.

Tulimtafuta yule kijana wa zamu. Tulikwenda nyumbani kwake, tukakaribishwa na mkewe, tukaketi. Tulipomweleza shida yetu alitutazama kwa mashaka kidogo, akauliza, "Watoto wa afande watakula kwetu?" Tukamjibu, "Mama, wameshaokota risasi pamoja na wako. Kula pamoja ni jambo dogo." Akacheka. Wiki ile tulipata nyumba nyingine tatu: ya polisi wa kike wa kituo cha jirani, ya dereva wa kikosi, na ya mama mwuza mboga ambaye mumewe alikuwa nje ya nchi kikazi. Nyumba tano, watoto 12.

Mpango wenyewe ni zamu, jambo ambalo askari haelezwi mara mbili. Siku za kazi katika wiki ni 5, na nyumba ni 5. Kila nyumba ina siku yake moja ambayo mtu mzima mmoja habanduki, naye huwatunza watoto wote. Siku nyingine nne huenda kazini kwake moyo mtulivu. Siku 70 ukizigawa kwa nyumba 5, kila nyumba ina siku 14 kwa mwaka. Mama karani tuliyemtaja mwanzo, ambaye siku zake 21 zilikuwa hazifiki popote, sasa hutumia 14 akabakiwa na 7 za kwake. Polisi wa zamu za usiku aweza kuchagua siku yake ya mapumziko, mradi awe amelala. Mama mwuza mboga hufunga kibanda siku moja tu badala ya kwenda nacho na watoto sokoni. Unga na maharage kila nyumba huleta sehemu yake Jumatatu.

Haikuwa rahisi. Wiki ya pili dereva aliitwa safari ghafula alfajiri, na mkewe alikuwa amelazwa. Watoto 12 wakasimama mlangoni hawana mtu. Tangu siku hiyo tuliweka nyumba ya akiba kwa kila zamu. Watoto walipigana kwa sababu ya mpira. Nasi siku yetu ilipofika tuliomba ruhusa, tukavua sare, tukapika uji. Ulikuwa na madonge, na watoto wa yule kijana waliunywa kwa adabu huku wakitazamana. Lakini tangu likizo ile hatujaitwa langoni tena, na uwanja wa shabaha, kwa watoto wale 12, umekuwa mahali wanapopasikia kwa masikio tu.

Tunawaomba makamanda

Askari waweza kupanga zamu, lakini zamu hizo hufa bila msaada wa wakubwa. Kwa hiyo tunawaomba makamanda wa vikosi na wakuu wa vituo mambo matatu. Kwanza, orodha ya zamu itolewe mapema, kabla likizo haijaanza, ili mzazi aweze kupanga. Pili, baba na mama wakiwa wote askari wasitumwe siku moja pale inapowezekana. Tatu, madarasa na mabwalo yafunguliwe kwa watoto, na ofisa mmoja wa ustawi apewe jukumu la kukagua bila kubisha hodi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji bajeti mpya.

Nasi askari wenyewe tuache aibu. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na hawakumtoa mwenye sare katika methali hiyo. Kumwambia mkubwa wako, "Afande, likizo inakaribia na sina wa kumwachia mtoto," si udhaifu. Ni taarifa, na taarifa inayotolewa mapema huokoa.

Likizo ijayo haiko mbali. Wiki 3 kabla ya kengele, keti na mwenzako mhesabu siku. Tembelea nyumba nne za jirani, ya afande na ya askari wa kawaida, uwaulize nao wamepangaje. Huenda wanne hao walikuwa wakingoja mtu wa kwanza kubisha hodi.